Fundi Asiyejua Kuchelewa

Mama yake Daktari aliniita jikoni, akaurudishia mlango kwa mgongo wake, akaniomba niwe fundi mbovu kwa siku moja tu.

Hakulisema hivyo moja kwa moja. Alianza kwa kunimiminia chai, akanivutia kiti, akaniita mwanangu. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Tangu nianze kulifumua gari la binti yake, daktari wa mifugo, pale uani kwao, mama huyu alikuwa akiniita "wewe fundi," na chai yangu ilikuwa ikiachwa juu ya tofali karibu na pipa la maji, ipoe au isipoe, shauri yangu. Leo kikombe kilikuwa na kisosi. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti ili nisikipake girisi, nikasubiri.

"Hilo gari litakwisha leo?" akauliza.

"Litakwisha, mama. Jioni atakuwa analiendesha."

"Na lisipokwisha?"

Nilicheka, maana nilidhani ananitania. Pale gereji wenzangu wananiita Leo-Leo, na si kwa kunisifu. Wanasema naharibu soko, nawazoeza wateja vibaya, kwa sababu neno "njoo kesho" halinitoki mdomoni hata unibane kwa koleo. Nikamweleza mama kwamba lazima liishe. Alfajiri Daktari anasafiri kwenda kwenye kituo kipya cha mifugo kule ng'ambo ya milima, na mkuu wake alishasema wazi kuwa asiyekuwa na gari la kuziweza njia zile abaki mjini, nafasi apewe mwingine.

"Ndiyo maana nakuuliza," akasema mama.

Kisha akanieleza, na sauti yake ikapungua kadiri alivyoendelea. Msimu wa mvua uliopita binti yake alikwenda huko huko kutibu ng'ombe. Jiwe likalipasua gari tumbo, oili yote ikamwagika, injini ikafa. Akalala porini ndani ya gari, simu haina mtandao, na mama mtu akakesha usiku ule akitoka dirisha hili kwenda lile mpaka kukapambazuka. "Ule ulikuwa usiku mmoja," akasema. "Sasa anataka kwenda kuishi huko."

Nikamwambia pole. Kweli nilimwonea huruma.

"Sitaki pole. Nataka uchelewe. Sema springi si saizi yake, sema kuna nati imepotea, unajua mwenyewe mnavyosemaga. Fundi akisema kesho, nani atashangaa?" Akanitazama moja kwa moja. "Mimi si kipofu, mwanangu. Naona unavyomtazama. Na yeye naona anavyokutazama ukiinama. Wajomba zake wanataka aolewe na daktari mwenzake, lakini wajomba hao mimi nawaweza. Akibaki hapa mjini, watume watu wako waje. Sitakuwa na kipingamizi."

Sijui wengine wangefanya nini. Mimi chai ilinipalia. Nilikuwa nimempenda yule mwanamke kwa kimya kama mtu aliyemeza kaa la moto. Kila jioni nilikuwa nikirudi nyumbani kwa gari langu la gereji na kujisuta njiani: wewe na mikono hiyo myeusi, daktari wa watu utamwambia nini? Na sasa mama mzazi ananipa kwa mkono wake, na ninachotakiwa kufanya ni kitu ambacho kila fundi mtaani anakifanya bila kuombwa. Nilitoka jikoni miguu yangu haigusi chini.

Uani gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yake yakining'inia. Springi za zamani zilikuwa zimeegemezwa ukutani, fupi na zimechoka. Mpya zilikuwa tayari zimekaa mahali pake pamoja na shokapu nene. Bampa la chuma nililolichomelea mwenyewe lilikuwa limeshafungwa mbele, na mabomba mazito yalipita pembeni chini ya milango ili jiwe likija lisiile bodi. Kilichobaki kilikuwa bamba la chini, sahani ya chuma ya kulikinga tumbo la injini, na kukaza bolti. Chini ya gari ilichomoza miguu miwili ya Daktari ndani ya ovaroli yangu, iliyokunjwa mara kadhaa kwa kumzidi urefu.

Maana huyu hakuwa mteja wa kuja na kuuliza tumefikia wapi. Siku ya kwanza tu alinipokonya spana, akasema anayelala porini ni yeye, basi anayetakiwa kulijua gari ni yeye. Nilikasirika, maana sipendi kuingiliwa kazini. Kufika jioni alikuwa amefungua shokapu mbili kwa mkono wake, ana girisi mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake. Hasira yangu ilikwenda na haikurudi tena.

Nikajilaza chali nikajisukuma chini ya gari, nikawa ubavuni mwake. Nafasi ni ndogo kule. Bega langu likagusana na lake, na wala hakusogea.

"Leo umeitwa jikoni," akasema, macho yake yakiwa juu kwenye chuma. "Umefanya nini cha kuheshimiwa hivyo?"

"Ukarimu tu wa mama."

"Mama yangu ninamjua. Kisosi kilikuwepo?"

Nikasema kilikuwepo, naye akaguna kama daktari aliyeona dalili mbaya. Sikutaka aendelee kuuliza, nikashika spana, nikaanza kukaza bolti ya kwanza niliyoiona. Nilikuwa nakaza kwa nguvu zote, kichwa changu kiko kwenye harusi, naona viti, naona watu wangu wakipokelewa, ndipo vidole vyake vikafunga kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Fundi," akasema taratibu. "Magurudumu yananing'inia."

Nikaganda. Bolti ile ni ya bushi, ule mpira unaoliacha gari licheze. Haikazwi gari likiwa juu ya stendi. Unaifunga kwa kuishikiza tu, unashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unakaza. Ukikaza likiwa juu, mpira unajipinda siku zote, na kabla ya mwezi umechanika. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nililifanya mimi, niliyemkemea yeye juma lililopita kwa kosa hilo hilo.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," akasema. Hakuuachia mkono wangu. Akageuza uso, na pale chini hakuna pa kukimbilia, macho yake yakawa karibu kiasi kwamba nilijiona ndani yake. "Leo una nini?"

"Nimelala vibaya."

"Na mimi nimelala vibaya," akasema, kisha akauachia mkono, akatazama juu tena. Nilikuwa nasikia pumzi yake, na yangu, na kuku wa jirani. Nilitamani gari lile lisiwe na mwisho.

Tukalilegeza lile kosa langu, halafu tukaliinua bamba kwa jeki. Likapanda vizuri, likakaa, matundu ya mbele yakapokea bolti zake bila ubishi. Ya nyuma yakakataa. Nikalisukuma kwa goti, nikaligonga kwa nyundo ya mpira, bado yakakataa. Nikaangaza tochi, nikaona ujinga wangu. Nilitoboa lile bamba kabla hatujainyoosha pembe ya chesisi, ile fremu inayobeba gari, iliyopindwa na lile jiwe la mwaka jana. Chesisi ilinyooka, ikarudi kwake, na matundu yangu yakabaki yakiifuata ile iliyopinda.

Sikuhitaji hata kudanganya. Sababu ilikuwa imejileta yenyewe, ya kweli, yenye ushahidi, unaishika kwa kidole. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona mama amesimama, taulo mkononi, anatutazama. Nadhani alidhani nimeanza.

"Ni kubwa?" akauliza Daktari. Alikuwa amekaa chini sasa, amekumbatia magoti.

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Kesho mchana. Maneno mawili tu, na ningempata. Angelia kidogo, nafasi ingekwenda kwa mwingine, ningemfariji, mama angewanyamazisha wajomba. Nani angejua?

"Niambie ukweli tu," akasema. "Mimi sijui kuchomelea, sijui kutoboa chuma. Hapo ndipo ninapokutegemea wewe. Ukisema haiwezekani, nitakuamini na nitampigia mkuu wangu sasa hivi."

Akatoa simu kweli, akaishika mkononi, akanisubiri. Hakunibembeleza wala hakununa. Aliniamini tu, na hilo ndilo lililonivunja. Ningempata, ndiyo, lakini kila siku ya maisha yetu ningekuwa namtazama mke wangu akiniamini hivyo hivyo, na mimi najua.

"Rudisha simu," nikasema. "Lete keekee ya kutobolea, na ule waya mrefu wa umeme."

Aliruka kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Kutoka hapo ilikuwa ni kazi na kelele. Nikaliteremsha bamba, nikaziba yale matundu yaliyokosewa kwa kuchomelea, yeye akiwa ameshika pembeni kwa gango, kibano cha chuma, uso ameugeuza, cheche zinaruka kwenye buti zake. Tukapima upya, akapima yeye, nikapima mimi, tukabishana upana wa unywele mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nikatoboa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja. Tulipoliinua tena na bolti ya nyuma ikaingia kwa vidole, bila nyundo, alinipiga begani kwa furaha, kisha akaona amenipiga, akauacha mkono wake pale pale kwa muda. Nilikuwa nimetoka kumpoteza, lakini sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Tukalishusha gari chini. Likajitikisa, likakaa juu ya springi zake mpya, refu, limetanua kifua. Daktari akaingia chini mwenyewe na spana ndefu, akakaza bolti za bushi moja baada ya nyingine, akiniambia kila moja ikishiba. Nilisimama pembeni kama mgeni. Sikuwa na la kumsaidia.

Mama akatoka. Alilitazama gari, akanitazama mimi, na nilivyoona lile jicho nikajua uwana wangu umekwisha.

"Wewe fundi," akasema. "Limekwisha?"

"Limekwisha, mama. Limebaki kujaribiwa."

Akauliza linajaribiwa wapi. Daktari akamwambia nyuma ya nyumba za mwisho, kule kwenye korongo la mawe. Mama akasema sisi wawili hatuendi kokote peke yetu, akaingia ndani, akarudi amevaa viatu vya kutokea na mkoba kwapani, akapanda kiti cha mbele kwa shida, maana gari lilikuwa limekwenda juu. Sikuthubutu kumshika mkono. Nikaenda nyuma.

Korongo lile watoto hulishuka kwa kukalia makalio. Daktari akasimama ukingoni, akaingiza gia ya mzigo, ile ya polepole yenye nguvu, akavuta pumzi. Mama akasema anashuka. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu gari lilikuwa limeshainama.

Tulishuka pua chini. Gurudumu moja likapanda jiwe, jingine likadumbukia, na badala ya kutupwa huku na huku kama magunia, tuliyumba taratibu, springi zikinywa kila shimo. Daktari alikuwa akicheka kwa sauti, mikono yake imetulia kwenye usukani. Nami nilikuwa nacheka, nimeshika kiti chake kwa nyuma. Kisha katikati ya korongo tukapanda jiwe kubwa jeusi lenye ncha, gurudumu likateleza, na gari zima likaangukia tumbo. Chuma kililia chini yetu mlio wa kuumiza meno.

Mama akapiga yowe akashika kifua. Daktari akazima injini. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilijua yuko wapi. Yuko porini, mwaka jana.

Akashuka, akalala kifudifudi kwenye mawe, akaangaza chini. Nikashuka. Mama naye akashuka, na viatu vyake vile, akainama, akapeleka mkono wake mwenyewe chini ya gari, akalipapasa lile bamba polepole kama anayempapasa mgonjwa paji la uso.

"Ni hapa palipopasuka siku ile?" akauliza.

"Hapa hapa, mama," nikasema.

"Na sasa?"

"Mkwaruzo tu. Rangi imetoka."

Akatoa mkono, akautazama. Hakukuwa na tone la oili, ila vumbi. Akakaa hivyo ameinama mpaka nikaogopa. Halafu akanyanyuka, akarudi kwenye kiti chake, akafunga mlango.

"Rudia," akamwambia binti yake.

Tukarudia. Tulilipanda lile jiwe tena, tukaliangukia tena, na safari hii mama hakupiga yowe. Alishika mkoba kwa mikono miwili, akasikiliza. Tulipotokea ukingo wa pili, juu kwenye nyasi, jua likiwa bado liko mbali na kuzama, Daktari akazima gari. Ndipo mama akanigeukia.

"Nilikupa mke," akasema, na machozi yalikuwa yanamteremka. "Wewe umenipa gari."

Daktari akauachia usukani.

"Ulimpa nini?" akauliza Daktari.

Mama akayasema yote. Hakuficha kisosi, hakuficha wajomba. Mimi niliinama nikawa natazama buti zangu. Alipomaliza, binti yake akageuka kwenye kiti, akanitazama mimi, si mama yake.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu chai."

"Na yale matundu yalikuwa ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

"Ungesema kesho, ningekubali."

"Najua." Hapakuwa na cha kuficha tena, kwa hiyo nikasema. "Nakupenda, Daktari. Tangu siku uliponipokonya spana. Lakini sikutaka ubaki kwa sababu yangu bila wewe kujua kuwa ni kwa sababu yangu."

Alifumba macho. Kisha akamgeukia mama yake, akamshika mkono wenye vumbi, akamwambia kwa upole kwamba alfajiri anaondoka, kazi ile ameipigania, na hatairudisha. Mama akaitikia kwa kichwa, akajibu kuwa amelielewa hilo tangu korongoni. Mimi nikajiambia basi, imekwisha, na nikaanza kutafuta kitasa cha mlango.

"Ngoja," akasema Daktari. "Sijamaliza na wewe. Shokapu nazijua. Bushi nimezikaza mwenyewe. Bamba likilegea nitalikaza, tairi likipasuka nitalibadilisha. Umenifundisha kila kitu, hukunificha hata kimoja. Huko niendako sihitaji fundi."

"Ndivyo nilivyotaka," nikasema.

"Vizuri. Basi nikikuita uje, ujue si gari ninalokuitia."

Nikakiachia kitasa. Yeye alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja, na girisi ya asubuhi bado iko kwenye nyusi zake. Alinyoosha mkono katikati ya viti nikaushika, mbele ya mama yake, mchana kweupe.

Mama akakohoa. Akafungua mkoba, akatoa leso, akajifuta uso wote kwa makini kama mtu anayejiandaa kupokea wageni.

"Lile gari lako la gereji," akaniuliza bila kugeuka, "chini lina bamba?"

"Halina, mama."

"Lifunge. Akikuita, mimi na wewe hatuendi huko na gari la kupasuka tumbo."